Kilomita 40 za mto kwa siku mbili: punguzeni, mpate kuvua

Swali: Mimi na mdogo wangu tunataka kushuka mto kwa mtumbwi kwa siku mbili huku tukivua kwa nzi bandia, yaani ndoana iliyovishwa ifanane na mdudu. Kafi tumelishika ziwani tu, na kurusha mshipi tumejifunzia kwenye nyasi. Tumepima kilomita 40 kwenye ramani, yaani 20 kwa siku, na tunakusudia kuvua tukiwa ndani ya mtumbwi huku mkondo ukituteremsha. Sehemu hiyo ya mto inasemekana haina maporomoko. Je, mpango huu unawafaa wanaoanza? Tubebe nini, na tujihadhari na nini?

Jibu: Mpango wenu una mambo mawili ya kupongeza: mko wawili, na mmetafuta maji matulivu. Kasoro iko kwenye hizo kilomita, na kwenye wazo la kuvua huku mnateremka. Ningekuwa mimi, ningekata safari ibaki kilomita 8 hadi 10 siku ya kwanza na 6 hadi 8 siku ya pili. Halafu mtumbwi ningeuachia kazi moja tu, kunifikisha penye samaki. Kuvua ningevua nikiwa nimesimama chini.

Pigeni hesabu. Mto mtulivu huenda kama kilomita 3 kwa saa, na mkipiga kafi bila haraka mtafika 5. Kilomita 20 basi ni saa nne za kafi mfululizo. Ongezeni muda wa kupakia, kupeleka gari la pili kule mtakakotokea, kushuka kukagua kona msiyoiamini, kula, na kumwaga maji yaliyoingia mtumbwini. Uvuvi utabakiwa na saa moja au mbili za kuokoteza, tena za adhuhuri, wakati ambao jua likiwa kali samaki wengi wamejificha. Kilomita 8 ni chini ya saa mbili za mwendo. Hapo mnapata nusu siku nzima ya kuvua, na kambini mnafika mwanga bado upo.

Tena hizo 40 zenyewe zipimeni upya. Aliyepima kwa mstari ulionyooka kati ya daraja na daraja amejidanganya. Fuateni kila pindo, maana mto wenye kona nyingi unaweza kuzidi mstari ulionyooka mara moja na nusu, hata mara mbili. Na katikati ya safari tafuteni mahali pamoja ambapo barabara inafika mtoni, ili mkichoka au hali ya hewa ikigeuka muweze kutoka bila kubembelezana.

Kuhusu mto kutokuwa na maporomoko, muulizeni aliyesema hivyo aliushuka mwezi gani na maji yakiwa kiasi gani. Kipimo cha kimataifa cha ugumu wa mito kina madaraja sita, I mpaka VI. Nyinyi kaeni daraja la I, yaani maji yanayotembea, mawimbi madogo, vikwazo vichache vinavyoonekana kutoka mbali. Lakini daraja si sifa ya kudumu ya mto. Mto uleule, baada ya siku mbili za mvua kubwa huko juu unakotoka, unakuwa mto mwingine. Pale penye kituo cha kupima maji, msiangalie takwimu ya leo peke yake; angalieni imepanda au imeshuka siku tatu zilizopita. Maji yanayoshuka taratibu na kuanza kung'aa ni mazuri kwa kafi na kwa ndoana pia. Maji yanayopanda, yenye rangi ya udongo, yanayobeba vijiti na majani, hayo yaacheni. Ahirisheni. Samaki mwenyewe hatamwona nzi wenu humo.

Kama juu yenu kuna bwawa la umeme, pateni ratiba ya kufungulia maji kabla ya kupanga chochote. Kina kinaweza kupanda ndani ya dakika chache huku jua linawaka na mbingu haina wingu. Kila mnaposhuka kuvua, simamisheni jiwe mahali maji yanapokomea ukingoni. Litazameni kila mara. Likianza kulowa, rudini mtumbwini kwanza, maswali baadaye.

Katika maji ya daraja la I, mawimbi si ya kuogopa sana. Cha kuogopa ni miti iliyoangukia majini. Maji yanapita kati ya matawi, mtu hapiti. Anabanwa hapo na uzito wote wa mto mgongoni. Miti hiyo hupatikana zaidi upande wa nje wa kona, kwa sababu huko ndiko mkondo unakokula ukingo. Kwa hiyo kila kona ikaribieni kwa upande wa ndani, hata kama maji ya ndani ni haba na mtumbwi unakwaruza changarawe. Msipoweza kuona kona inaishia wapi, shukeni mkatazame kwa miguu. Ikitokea umeanguka na mkondo unakupeleka kwenye mti na huwezi tena kuukwepa, usiutangulizie miguu. Geuka kifudifudi, uogelee kwa nguvu kuuelekea, ujirushe juu yake tumbo likae kwenye gogo. Najua akili inakataa, lakini anayetanguliza miguu huvutwa chini ya matawi.

Jambo la pili ni mabanio, zile kuta fupi zilizojengwa kukatiza mto. Ukiwa juu yake unaona tu mstari ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo, na baada ya mstari huo mto hauonekani. Chini yake maji hujizungusha na kurudi nyuma, na humshika mtu hata akiwa amevaa jaketi la kuokolea maisha. Hakuna banio dogo. Wekeni alama kwenye ramani kila lilipo, tokeni majini mapema, bebeni mtumbwi nchi kavu mpaka mlipite.

Jaketi livaliwe na lifungwe muda wote mko mtoni. Likiwekwa chini ya kiti halina faida. Mavazi chagueni kwa baridi ya maji, jua msilihesabu. Maji yakiwa chini ya nyuzi 15, anayetumbukia hushtuka na kuvuta pumzi bila hiari yake. Wanaofundisha uokozi husema moja, kumi, moja: dakika moja ya kuituliza pumzi, dakika kumi hivi ambazo mikono bado inakutii, na takriban saa moja kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Maana yake, kama ni kupanda mtumbwini au kufika ukingoni, ifanye katika zile dakika kumi.

Mkipinduka, kaeni upande wa juu wa mtumbwi, ule mkondo unakotokea. Mtumbwi uliojaa maji una uzito wa mamia ya kilo, na anayekaa kati yake na mwamba hubanwa. Laleni chali, miguu mbele na juu, vidole vya miguu vionekane. Msijaribu kusimama kabla maji hayajafika chini ya goti, maana mguu ukinasa kati ya mawe mkondo utakulaza kifudifudi. Na mtumbwi ukigonga mwamba ubavu, jiegemezeni kuelekea mwamba. Kila anayeanza hujivuta mbali nao, na papo hapo maji yanaingia kwa upande wa pili.

Mtumbwi wenyewe msinunue bado, kodini. Ombeni wenye urefu wa mita 4.9 hadi 5.2, chini uwe bapa, wa plastiki ngumu. Wa aluminiamu haufi, lakini hugongwa na kila jiwe kwa kelele ambayo samaki wa dimba zima, yaani sehemu ya mto yenye kina na maji ya polepole, huisikia, na hunata kwenye miamba badala ya kuteleza. Mizigo mizito ikae katikati na chini kabisa. Aliye mzito kati yenu akae tezi, yaani nyuma, mwepesi akae omo, yaani mbele. Tezi ikizama kidogo kuliko omo mtumbwi unatii, kinyume chake unazungukazunguka. Penye maji ya kasi pigeni magoti. Kafi la tatu liwepo, lifungwe mahali pa kuchomoka kwa mkono mmoja.

Kabla ya safari tumieni nusu siku kwenye maji yaliyotulia, na msipoteze muda huo kujifunza kwenda mbele, hilo mtalijua njiani. Jifunzeni kusimamisha mtumbwi, kuuvuta kiubavu, na kuvuka mkondo bila kuteremshwa. Hili la mwisho ndilo litakalowafaa kuliko yote. Omo ielekezwe mto unakotoka, iinamishwe kama nyuzi 30 kuelekea ukingo mnaoutaka, kisha pigeni kafi taratibu. Maji yenyewe yatausukuma mtumbwi kiubavu hadi ng'ambo. Mkilijua hilo, kila fungu la changarawe ni lenu.

Sasa tuje kwenye uvuvi. Kurusha mshipi ukiwa umeketi mtumbwini si ule ujuzi mliopata kwenye nyasi. Umekaa karibu na maji, kwa hiyo mshipi unaokwenda nyuma unashuka na kuyapiga. Mwenzako yuko mita 3 nyuma yako, na ndoana inapita usawa wa macho yake. Mshipi uliolegea unaanguka miguuni: kitanzi kimoja kinazunguka kiatu, kingine kinashika mpini wa kafi, cha tatu kinaingia kwenye kifungo cha begi, na samaki anachagua dakika hiyo kuuma. Wakati huohuo mtumbwi unasogea kwa kasi yake na nzi kwa kasi yake, mshipi unakaza, nzi anaburutwa juu ya maji kwa namna ambayo hakuna mdudu hai anayetembea. Na aliye tezi naye, badala ya kutazama mti ulio mbele, anamtazama nzi. Wanaoanza hupinduka zaidi kwa macho ya wote wawili kuwa kwa samaki kuliko kwa ukali wa maji.

Nikiwaambia msirushe kabisa kutoka mtumbwini hamtanisikia, kwa hiyo nawapa masharti. Iwe kwenye dimba refu lililotulia tu. Mmoja avue, mmoja ashike kafi, mbadilishane kila nusu saa. Anayevua akae omo, arushe mbele au ubavuni, kamwe mshipi usipite juu ya mtumbwi. Mita 8 hadi 10 zinatosha, maana samaki wengi mtawakuta karibu na ukingo. Jifunzeni ule mrusho wa kuviringisha, ambao mshipi hauendi nyuma hata kidogo; unauburuta juu ya maji mpaka ufito wa kuvulia usimame, unausukuma mbele, unajikunjua. Kofia na miwani ni lazima kwa wote wawili. Ving'ang'anizi vyote vilivyo miguuni vifunikeni kwa taulo au turubai, mshipi uangukie hapo. Nanga msibebe. Nanga kwenye mkondo, ikishika upande usiofaa, huupindua mtumbwi kabla hamjaifikia kamba kwa kisu.

Uvuvi wa kweli ufanyieni kwenye mafungu ya changarawe upande wa ndani wa kona. Mkifika, wa omo ashuke kwanza, asimame upande wa juu wa mtumbwi, wa tezi afuate. Uvuteni wote utoke majini, kisha ufungeni; mtumbwi ulioachwa nusu majini una tabia ya kuondoka bila kuaga. Halafu msikimbilie katikati. Vueni kwanza maji yaliyo mbele ya vidole vyenu, kwa sababu samaki uliyemtimua ukingoni huwashtua wenzake kule mbele. Tafuteni pale maji ya haraka yanapopakana na ya polepole: mpaka huo huonekana kwa mstari wa povu. Samaki hukaa upande wa polepole, kichwa akikielekeza mkondo unakotoka, na chakula huletewa na upande wa haraka. Nyuma ya miamba, chini ya kingo zilizoliwa, na mkiani mwa dimba kabla maji hayajaanza kukimbia tena, kote huko rusheni.

Mkitembea majini buruteni miguu, mmoja uwe imara kabla ya mwingine kusogea, ubavu uelekee mkondo. Kwenye kasi mwisho ni gotini, kwenye utulivu mwisho ni mapajani. Zile suruali ndefu za mpira zinazofika kifuani, maji yakiwa ya uvuguvugu ziacheni nyumbani. Viatu imara na suruali nyepesi vinatosha. Maji yakiwa baridi zivaeni, mkanda wa kiunoni ukazwe kweli. Si kwamba zikijaa zinakuzamisha, kwani maji ndani ya maji hayana uzito. Taabu ni kuogelea nazo na kujiinua kutoka.

Vifaa: ufito wa futi 9, namba 5, unaokunjuka vipande vinne, na mshipi ulioandikwa WF5F, yaani mzito upande wa mbele, namba 5, unaoelea. Namba hiyo inahusu uzito wa futi 30 za mwanzo za mshipi, ambao kwa namba 5 ni kama gramu 9. Nzi hana uzito wa maana. Unachorusha ni mshipi, naye anaburuzwa nyuma yake. Mwishoni fungeni uzi wa nailoni unaopungua unene, futi 7 na nusu hadi 9. Kama mtoni kuna samaki wakubwa wanaotaka nzi wakubwa, chukueni namba 7 au 8. Ufito wa pili uwepo, kwa sababu mtumbwi huvunja fito kuliko samaki.

Wavuvi wa kizamani watanikunjia uso, lakini mwanzoni sipendekezi nzi mkavu anayeelea. Anadai ateremke bila kuburutwa hata kidogo, na hilo linachukua muda kulipata. Anzeni na nzi wa kuzama aitwaye Woolly Bugger, nyeusi au ya kijani cha zeituni, ndoana yake namba 8 au 10. Irushe kukatiza mto, ukielekeza kidogo chini, iache mkondo uizungushe hadi ikae sawa chini yako, kisha ivute kwa vipande vifupi. Kosa la kuburuta hapa ndilo linalovutia. Wekeni pia nzi wengine: Pheasant Tail chache za namba 14 na 16 za kuzama, na Adams za kuelea, kwa jioni mtakapoona vijiduara juu ya maji na samaki wanakula wazi. Aina sita za nzi zinatosha sana.

Kijino cha ndoana kibinyeni kwa koleo kabla ya kufunga nzi. Mtamtoa samaki upesi, na siku ndoana itakapoingia kwenye sikio la mdogo wako mtanishukuru. Anayerudishwa majini ashikwe kwa mikono iliyoloa, asitolewe majini zaidi ya sekunde kumi hivi, kisha ashikiliwe kichwa kikielekea mkondo mpaka aondoke mwenyewe. Kama mnavua trauti, bebeni kipimajoto. Maji yakizidi nyuzi 20, samaki huyo anataabika kwa uhaba wa oksijeni na anaweza kufa baada ya kuachiwa, kwa hiyo vueni alfajiri tu au pumzikeni.

Radi ikisikika, tokeni majini na lazeni fito chini. Nyingi ni za kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Subirini dakika 30 baada ya mngurumo wa mwisho.

Kibali cha uvuvi, msimu unaoruhusiwa na ruhusa ya kupiga kambi ukingoni ni mambo matatu tofauti, na mara nyingi hutolewa na watu tofauti. Yaulizeni yote kabla hamjakodi chochote. Gari moja lipelekeni mwisho wa safari kwanza, na mkiwa huko shukeni hadi majini mtazame mahali hapo kwa jicho la mtu anayekuja kwa mtumbwi: mti gani, mwamba gani, upande gani. Kutoka barabarani panaonekana wazi, kutoka mtoni ni vichaka tu. Ufunguo wa gari hilo ufungwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, na mfuko ufungwe kwenye mtumbwi. Nyumbani mwacheni mtu anayejua mtaingilia wapi, mtatokea wapi, na saa ngapi akiwa hajasikia kutoka kwenu aombe msaada.

Usiku mtumbwi uvuteni mbali na maji, upindueni, mfunge kamba kwenye mti, hata kama mbingu ni safi. Hema liwe juu ya mstari wa takataka na nyasi kavu zilizoachwa na mafuriko yaliyopita.

Na mkirudi, kabla ya kuingia mto mwingine, osheni tope lote kwenye mtumbwi na viatu, mwageni maji, vianikeni mpaka vikauke kabisa. Mwani uitwao didymo uligunduliwa New Zealand mwaka 2004, na unaweza kuhama katika tone moja la maji. Nyayo za manyoya yaliyoshindiliwa, zinazopendwa na wavuvi kwa kutoteleza, hubaki na unyevu kwa muda mrefu, na nchi hiyo ilizipiga marufuku mwaka 2008. Viatu vyenu viwe vya nyayo za mpira.